Rivyu ya config.c ya Git: kusoma iko vizuri, kuandika ndo kuna kesi

Wakuu, Git tunaitumia kutwa nzima ila lile faili linalosoma .gitconfig zetu (mafaili ya mipangilio ya Git) wengi hawajawahi hata kulifungua, na mi naona ni moja ya mafaili mazuri sana ya C kwa mtu anayetaka kujua kichanganuzi (parser) cha mkono kinaandikwaje bila mbwembwe, kwahiyo leo nalifanyia rivyu. Nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyokatwa haijakatwa upande wa kusoma kama ambavyo wengi wangedhani, imekatwa kwenye makubaliano kati ya kichanganuzi na wanaokiita, na zaidi kwenye upande wa kuandika faili.

Historia kidogo tu. Linus Torvalds aliianza Git Aprili 2005 na juu kabisa ya config.c bado kuna komenti ya utani inayoiita Git meneja wa taarifa kutoka jehanamu, chini yake haki miliki za 2005 za Linus na Johannes Schindelin. Leo faili limefika zaidi ya mistari 3000. Msiogope hiyo namba, kichanganuzi chenyewe ni sehemu ndogo unayoweza kuimaliza kwa kikao kimoja, mengine yote ni mambo ya include (faili la konfigi kuingiza jingine), ngazi za konfigi (ya mashine nzima, ya mtumiaji, ya ripo, ya amri) na huo uandishi ntakaousema.

Anzeni na get_next_char. Kila herufi inayoingia inapita hapo, hakuna njia ya panya. Ikikuta `\r` inachungulia herufi inayofuata, ikiwa ni `\n` inazimeza mbili na kukupa `\n` moja, ikiwa sio inairudisha ile iliyochunguliwa na wewe unapewa `\r` yako kama ilivyokuja. Ikikuta mwisho wa mstari inaongeza hesabu ya mistari. Na ikifika mwisho wa faili inawasha alama ya eof alafu inakutungia `\n` ambayo kwenye faili haipo. Hiyo ya mwisho ndo akili kubwa, maana mafaili yasiyofungwa na `\n` mwishoni yamejaa kila kona na hapa hayahitaji kuangaliwa kipekee huko mbele, anayesoma thamani anajua mstari lazima uishe kwa `\n`, basi. Kuna na ulinzi mdogo humo humo: herufi zikizidi INT_MAX (namba kubwa kuliko zote ambayo int inaibeba) inajifanya faili limeisha, ili wale wanaohesabu urefu kwa int huko mbele wasije wakafurika na kugeuka hasi. Hiyo `\r` ikumbukeni, ndo iliyoleta kizaazaa cha 2025.

Kingine nilichokipenda, kichanganuzi hakijui kinasoma nini. Ndani ya struct config_source kuna pointa za funksheni, do_fgetc na wenzake, kwahiyo chanzo kikiwa faili kwenye diski au bafa kwenye memori kwake ni sawa tu. Ndo maana .gitmodules (faili linaloorodhesha submodule, yaani ripo zilizo ndani ya ripo) iliyo ndani ya kamiti inasomwa na msimbo ule ule unaosoma .git/config bila kulitoa faili nje kwanza. Unafuu mkubwa, ila pia maana yake ni kwamba kichanganuzi hiki kinakula faili lililoandikwa na mtu usiyemjua kabisa, aliyekupa ripo yake uikloni. Ukisoma msimbo huu usome ukiwa na hilo kichwani, huyu sio msomaji wa mafaili ya mwenye nyumba peke yake.

Juu yake kuna git_parse_source, kitanzi kimoja kirefu. Kinaruka BOM ya UTF-8 (baiti za alama ya usimbaji) kama ipo mwanzoni, kinaruka nafasi, `#` na `;` ni komenti mpaka mwisho wa mstari, `[` ni seksheni, herufi ya alfabeti ni mwanzo wa jina la opsheni, na chochote kingine ni kosa na unaambiwa mstari wa ngapi kwenye faili gani. Hakuna yacc (programu ya kutengeneza vichanganuzi) wala regex wala maktaba ya nje. Jina la opsheni ni herufi, tarakimu na kistari tu, na kila herufi inapita tolower inapoingia. Jina la seksheni nalo hivyo hivyo, isipokuwa lile la ndani ya alama za nukuu, hilo linabaki kama ulivyoliandika, kwahiyo `[branch "Main"]` na `[branch "main"]` ni vitu viwili tofauti wakati `[BRANCH "main"]` na `[branch "main"]` ni kitu kimoja. Watu wanaliwa hapo kila siku alafu wanasema Git ina majini.

Kuna kijisehemu kwenye get_value kilichonichekesha. Wakati inaiita funksheni yako kukupa jina na thamani tayari ile `\n` ya mwisho imeshamezwa, yaani hesabu ya mistari imeshasogea mbele kwa moja, kwahiyo kabla ya kukuita inapunguza linenr kwa moja na ukirudi salama inaiongeza tena. Ukirudi na kosa haiiongezi, ili ujumbe wa kosa utaje mstari sahihi. Inaonekana kama kiraka cha haraka na kweli ndivyo kilivyo, ila komenti iliyopo pale inaeleza kwanini, na ukijaribu kuiandika upya unakuta kila mbadala ni mrefu kuliko hicho. Mi ningeiacha.

Sasa tuje kwenye utamu, ndiyo na hapana. Angalieni hizi mbili:

[core]
    bare

[core]
    bare =

Ya kwanza ni kweli, ya pili ni si kweli. Sio bagi, ndo ilivyopangwa. Isipokuwepo `=` thamani inayofika kwenye funksheni yako ni NULL na NULL inahesabiwa kuwa ndiyo. Ikiwepo `=` bila kitu mbele yake unapata stringi tupu, na stringi tupu ni hapana. Baada ya hapo true, yes, on zinakubaliwa, false, no, off nazo, kwa herufi kubwa au ndogo, na ikishindikana yote inajaribu kuisoma kama namba, ambapo chochote kisicho sifuri ni ndiyo. Kwahiyo `bare = 2` ni kweli. Na kwa kuwa namba zinaruhusiwa viambishi vya ukubwa, hata `bare = 1k` ni kweli, jambo ambalo sidhani kuna mtu aliamka asubuhi akalitaka ila limejitokea lenyewe.

Namba zenyewe zimefanywa kwa adabu. Inaita strtoimax, inaangalia errno kama imezidi, inasoma kiambishi k, m au g (kila kimoja ni mara 1024 kutoka kilichotangulia), alafu kabla ya kuzidisha inakagua kama kuzidisha kutafurika. Huo ukaguzi wa kabla ndo wengi tunausahau, tunazidisha kwanza alafu tunakagua jibu ambalo limeshaharibika. Kwa namba zisizo na alama kuna ukaguzi wa ziada wa `-`, maana strtoumax inapokea namba hasi kimya kimya na kukurudishia namba kubwa ya ajabu. Ila kuna mtego mmoja: besi waliyompa strtoimax ni 0, maana yake `0x10` ni 16 na `010` ni 8. Ukiwa na tabia ya kujaza sifuri mbele ili namba zako zipangike vizuri utapata 8 badala ya 10 na hakuna atakayekuambia kitu. Na `1.5g` haipiti, desimali hakuna, unaambiwa kiambishi si halali na programu inafia hapo hapo.

Jumbe za makosa nazipa tano kamili. Ukifungua die_bad_number unakuta switch yenye sentensi nzima nzima kwa kila chanzo, moja ya faili, moja ya mstari wa amri, moja ya ingizo la kawaida, na kuendelea. Mtu mvivu angeunga vipande, neno "katika" hapa, jina pale. Wao wameandika kila sentensi kamili kwa sababu Git inatafsiriwa lugha nyingi na mpangilio wa maneno haufanani, ukimpa mfasiri vipande vya sentensi hawezi kuzipanga upya. Msimbo unakuwa mrefu na unachosha macho, ila ndo sahihi.

Haya, nyota iliyokatwa. Mtindo wa zamani wa kutumia kitu hiki ni hivi: unakipa funksheni yako, chenyewe kinasoma mafaili yote kwa mpangilio na kuiita funksheni yako kwa kila opsheni inayokutana nayo, wewe ndo unaangalia kama jina linakuhusu. Matokeo yake ni minyororo mirefu ya strcmp, git_default_core_config ni mfano mzuri, if juu ya if juu ya if mpaka unasahau umeanzia wapi, na mwishoni kila mmoja anampasia wa chini yake akijibu sijui. Kasi sio tatizo hapo, tatizo ni kwamba mikataba haiandikwi popote. Kwa mfano mtu akileta kiraka chenye hii:

if (!strcmp(var, "core.bigFileThreshold"))

unaweza ukaipitisha bila kushtuka, nyaraka zinaiandika hivyo hivyo na herufi kubwa zake. Lakini hiyo if haitapita hata siku moja, jina limeshateremshwa lote kuwa herufi ndogo kabla halijafika hapo, inatakiwa `core.bigfilethreshold`. Kompaila haisemi kitu, jaribio la kawaida halisemi kitu kama halijagusa opsheni yenyewe, mtumiaji anaweka thamani na haifanyi kazi. Kwahiyo ukikagua kiraka kinachoongeza opsheni kitu cha kwanza tafuta herufi kubwa ndani ya strcmp.

Cha pili tafuta NULL. Nimeshasema bila `=` thamani ni NULL, basi kila funksheni inayofanya strcmp(value, ...) au xstrdup(value) bila kuuliza kwanza itakrashi mtu akiandika jina tupu la opsheni inayotaka stringi. Kuna config_error_nonbool kwa kazi hiyo ila ni wewe ukumbuke kuiita. Na watu hawakukumbuka! Git 2.44, Februari 2024, ilikuja na viraka kadhaa vya kuziba sehemu zilizokuwa hazijali NULL, kitu kilichoingia tangu enzi za mwanzo za mradi, yaani karibu miaka 20 ya wakaguzi makini na bado zilikuwa zimebaki. Hapo siwezi kumlaumu mwandishi wa kila funksheni, mkataba wenyewe umekaa kimtego. Ingekuwa kichanganuzi kinatoa aina maalum ya "haina thamani" badala ya pointa tupu tusingefika huko.

Cha tatu ni memori. git_config_string inanakili thamani mpya kwenye pointa yako na haigusi ya zamani, na opsheni moja inaweza kutokea mara kadhaa maana kuna faili la mashine, la mtumiaji na la ripo, wa mwisho ndo mshindi. Kwahiyo kila inapojirudia ya kwanza inavuja usipoiachia mwenyewe kabla. Sio kitu kikubwa kwa programu inayoishi sekunde moja ila ukitaka kuigeuza Git kuwa maktaba ndo unaanza kulia.

Ni haki kusema mambo yamesogea. Mwaka 2014 kiliingia kitu kinaitwa configset, mafaili yanasomwa mara moja tu, yanawekwa kwenye jedwali la hashi, alafu wewe unauliza kwa jina unalotaka, repo_config_get_int na ndugu zake. Kwa msimbo mpya mimi ningemrudisha mtu aliyeandika kolbaki (ile funksheni unayoipa kichanganuzi ikuitie) bila sababu nzuri, hii njia ni fupi na ikikuta thamani mbovu inakufia kwa ujumbe wa kosa. Mwaka 2023 pia wamefanya usafi mwingine, hali ya kichanganuzi iliyokuwa kwenye kigeu cha dunia nzima ikatolewa na kolbaki zikaanza kupewa muktadha kama hoja ya ziada (2.42), kisha zile funksheni za namba na ndiyo/hapana zikahamishiwa kwenye faili lao, parse.c. Mgeni anaanza na hilo, ni dogo.

Include nazipitia haraka. Zilikuja 1.7.10 mwaka 2012, zile za masharti zikafuata 2.13 mwaka 2017, na ujanja wao ni kwamba include ni kolbaki tu inayokaa katikati, ikiona include.path inaita kichanganuzi tena juu ya faili jingine. Kina kimewekewa ukomo wa 10, ukijizungusha mwenyewe unaambiwa huenda ni mduara. Iliyonichosha akili ni hasconfig ya 2.36, ile ya kuingiza faili ikiwa ripo ina rimoti yenye URL fulani. Maana ili ujue kama kuna URL lazima usome konfigi yote, na ili usome konfigi yote lazima ujue kama unaingiza hilo faili. Wamelitatua kwa kusoma URL zote kwanza na kukataza faili linaloingizwa kwa njia hiyo lisitaje URL za rimoti. Ni suluhisho la mabavu ila silioni lingine.

Sasa kuandika. Hapa ndo nilipotaka tufike. Unapoita git config jina thamani haiandiki faili zima upya kutoka kwenye jedwali, ingefuta komenti zako na mpangilio wako. Inalisoma faili kwa kichanganuzi kile kile huku ikirekodi kila kipande kilianzia wapi na kuishia wapi (seksheni, opsheni, nafasi, komenti), kisha inakopi baiti za zamani kama zilivyo na kuchomeka mstari mpya mahali pake. Mpango huo wa matukio uliingia 2018 na ni mzuri, kwa sababu anayesoma na anayeandika wanatumia macho yale yale.

Shida ni pale wasipotumia macho yale yale. Kubadili jina au kufuta seksheni kulikuwa na msomaji wake wa pembeni, fgets kwenye bafa ya baiti 1024, mstari baada ya mstari. Mstari ukizidi 1024 kipande kinachobaki kinaonekana kama mstari mpya, na kipande hicho kikianza na `[core]` basi kinahesabiwa ni seksheni. Mtu anakupa ripo yenye submodule yenye URL ndefu ya makusudi, wewe unafanya git submodule deinit, na ghafla konfigi yako ina core.sshCommand au core.pager aliyoichagua yeye, ambayo Git itaiendesha kama programu. Hiyo ni CVE-2023-29007 (CVE ni namba ya kutambulisha tundu la usalama), ikazibwa 2.40.1 Aprili 2023 kwa kusoma mstari mzima bila kikomo cha bafa na kuikataa mistari iliyopitiliza. Kichanganuzi kikuu hakikuwa na kosa lolote! Kosa lilikuwa kuwa na wasomaji wawili wa lugha moja.

Alafu ikaja ya `\r`. Mwandishi wa thamani, funksheni write_pair, ana orodha ya kuamua kama thamani iwekwe ndani ya alama za nukuu: ikianza na nafasi, ikiishia na nafasi, au ikiwa na `;` au `#` popote. `\r` haikuwemo. Sasa thamani inayoishia na `\r` ikiandikwa bila nukuu inafuatiwa na `\n`, na rafiki yetu get_next_char akiiona `\r\n` anazimeza zote mbili. Umeandika njia moja, umesoma njia nyingine. Ndani ya .gitmodules mshambuliaji anaweka njia yenye nukuu kwahiyo inasomwa na `\r` yake, Git inaiandika kwenye konfigi ya submodule bila nukuu, ikiisoma tena imepungua herufi moja, submodule inatolewa mahali pengine, na kama hapo kuna symlink (njia ya mkato kwenda folda nyingine) inayoelekea folda ya hook (skripti ambazo Git inaziendesha yenyewe) za submodule hiyo basi hook ya mgeni inaendeshwa ukimaliza kukloni. CVE-2025-48384, imezibwa Julai 2025 kwenye 2.50.1 na matoleo ya nyuma yake. Kiraka chenyewe upande wa C ni sharti moja limeongezwa kwenye ile if, `|| value[i] == '\r'`. Angalieni toleo lenu kwa git --version, kama mko chini ya hapo na mnakloni vitu vya watu kwa --recursive sasisheni leo, msisubiri wikiendi.

Kuna na dogo la 2024, tabo zilizo katikati ya thamani isiyo na nukuu zilikuwa zinageuzwa kuwa nafasi kwa sababu parse_value ilikuwa inahesabu nafasi tu na kuzimwaga tena kama ' ', 2.45 wakarekebisha. Familia ile ile ya ugonjwa, kinachotoka sio kilichoingia. Jaribio ambalo ningelidai kwa kila kiraka kinachogusa upande huu ni rahisi: zungusha baiti zote 255 zisizo NUL, andika kila moja mwanzoni, katikati na mwishoni mwa thamani, soma, linganisha.

Kufunga faili wakati wa kuandika sina neno nalo, wanatengeneza config.lock pembeni, wanaandika humo, kisha wanaibadili jina, kwahiyo umeme ukikatika katikati faili lako la zamani lipo. Kero pekee ni kwamba mchakato ukiuawa kikatili ile .lock inabaki na kila git config inayofuata inakuambia imeshindwa kulifunga faili kwa sababu tayari lipo. Futeni kwa mkono, ila angalieni kwanza kwenye ps kama kweli hakuna git nyingine inayoandika.